Kava, Kalamu na Kitako

Kwa mamlaka niliyopewa, nachukua fursa hii kuutangazia umma wa Tabata na viunga vyake vyote kwamba mimi, Petro Fransis, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nimeteuliwa kuwa Mshauri Mkuu wa Vifaa vya Kielektroniki. Uteuzi huu ulianza mara moja, siku ya Jumatatu, katikati ya likizo ya Desemba, na ulifanyika jikoni. Aliyeniteua ni mjane mwenye nyumba tunayopanga. Alikuwa anamenya vitunguu, na alinichagua mimi kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine nyumbani.

"Kidaftari hakiwaki," alisema. "Wewe si unasoma fizikia? Hebu kiangalie."

Mtaani wanamwita Mama Abuzar, kwa jina la mwanawe aliyehamia Kanada. Mie namwita Bibi. Anaishi peke yake nyumba ya mbele, sisi tuna vyumba viwili vya uani, mie na mama yangu Editha, ambaye ni muuguzi. Mama huondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku akiwa ameshika viatu mkononi. Tunaulizana habari, tunakula, analala. Simlaumu. Nasema tu ili ieleweke kwamba siku nzima, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa mimi na ukuta.

Kidaftari ni kifaa cha plastiki ya kijivu, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika nusu. Marehemu mume wa Bibi, Mzee Husseinali, alikinunua mwaka 2001, enzi ambazo mtu akikitoa mfukoni kikaoni watu walimpisha kiti. Hakipigi simu, hakipigi picha, hakijui intaneti ni nini. Unaandika kwa kukwaruza kioo chake kwa kalamu isiyo na wino, nacho kinakumbuka. Basi. Kazi yake ni kukumbuka.

Na alichokumbuka ni wafu. Mzee Husseinali aliandika humo marehemu wao wote, arobaini na mmoja, kila mmoja na siku aliyofariki kwa kalenda ya Kiislamu, na mbele ya jina chakula alichokipenda. Mwezi ukiandama Bibi huvaa miwani, hukiwasha, husoma wa mwezi huo ni akina nani. Siku ya mtu ikifika humsomea Fatiha, hupika chakula chake, na hugawa kwa majirani. Mtaa wetu umeshakula biriani ya shangazi aliyezikwa Lindi na kachori za mjomba ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni. Wapo vijana hapa wanaowajua wafu wa Bibi kwa vyakula kuliko wanavyowajua ndugu zao.

Sasa nitasema jambo ambalo Mshauri Mkuu hakulisema pale jikoni. Nilijua kwa nini kidaftari hakiwaki. Betri zake nilizitoa mimi.

Ilikuwa Jumamosi. Nina rimoti inayoweza kuamrisha televisheni ya aina yoyote, niliyoipata shuleni kwa kumfanyia mtu zamu ya kudeki bweni wiki tatu. Jioni ile kulikuwa na mechi kubwa, na watu wote wa mtaa wetu walikuwa wamejaa kwenye kibanda cha Faraji cha kuonyesha mpira. Betri za rimoti zilikuwa zimekufa. Bibi alinituma kabatini nimletee chujio, na hapo kando ya chujio kilikuwa kimelala kidaftari, chenye betri mbili nyembamba, saizi ileile. Nikachukua zake, nikamwekea zangu zilizokufa. Nilipanga kuzirudisha kabla hajamaliza kuchuja chai. Zilirudi kesho yake asubuhi.

Kibandani nilisimama nyuma, kwenye kidirisha cha hewa. Penalti ikatolewa. Mpigaji akarudi nyuma hatua tano, akashika kiuno, akapumua. Nikabonyeza. Giza. Wanaume sitini walitoa sauti moja ambayo nadhani ilisikika Ubungo. Faraji alipanda juu ya meza akaanza kuipiga kofi televisheni huku akiapa kwamba amelipia umeme.

Bwenini, kazi kama ile ingenipa heshima ya muhula mzima. Kule huniita Mheshimiwa, na nikimaliza mzaha kuna vitanda themanini vya watu wanaotaka kusimuliwa tena tangu mwanzo. Pale nyuma ya kibanda nilicheka hadi nikashika mbavu, kisha nikageuka kumtafuta wa kumwambia. Kulikuwa na ndoo na paka. Nimekaa shule za bweni tangu nina miaka kumi. Vijana wa mtaa wetu wakiniona husema "mgeni wenu huyo," wanaendelea na yao. Nikaenda nyumbani.

Asubuhi niliporudisha betri, kidaftari kiliwaka vizuri tu. Kikanikaribisha kama hatujawahi kuonana. Kikaniomba niguse alama pembe nne za kioo, kikaniuliza leo ni tarehe gani, kikafunguka. Nikatafuta majina. Hakuna. Nikaingia kila mahali panapoingilika. Watu arobaini na mmoja, hakuna hata mmoja.

Nilisoma kwenye simu ya mama usiku ule. Vidaftari vya zamani hushikilia kila kitu kwa umeme wa betri. Ukizitoa una kama dakika moja ya kuweka nyingine, ikipita hiyo, kimesahau. Lakini iliandikwa pia kwamba palikuwa na kitako chake, kistendi cha kukisimamishia, chenye waya unaoingia kwenye kompyuta. Mwenye kukitumia kitako, kompyuta yake ilihifadhi nakala ya kila kitu. Na Mzee Husseinali alikuwa na kompyuta. Nimeikuta kwenye picha ukutani, yeye kakaa mbele yake kama rubani. Ningepata kitako, ningewarudisha wote kabla Bibi hajajua walitoka. Nikaziweka tena zile betri zilizokufa, nikasubiri.

Haya, turudi jikoni.

"Bibi," nilisema, nikikigeuza kidaftari kama daktari. "Hiki hakina ugonjwa. Kina upungufu wa vifaa."

"Vifaa gani?"

"Vitatu. Kava, maana hili limechanika na vumbi linaingia. Kalamu, maana unakikwaruza kwa njiti ya kiberiti, na kioo kinaumia. Na cha muhimu kabisa, kitako."

"Kitako?"

"Kiti chake cha kukalia."

Bibi aliweka kisu chini. "Kiti changu mie kimevunjika mguu tangu Ramadhani, nikinunulie kiti kidaftari?"

"Na kisiwashwe mpaka vipatikane vyote. Kinaweza kuungua."

"Mwezi wa Rajabu unaandama Jumapili, Petro."

"Ndiyo maana tuanze leo."

Tukaanza na Kinondoni. Bibi alivaa buibui la kutokea, akabeba kopo la kachori kama tunakwenda Dodoma, tukapanda bajaji. Dukani tulimkuta dada mmoja, Jesca, mwenye kucha ndefu za bluu, anauza makava ya simu ya rangi zote za dunia. Alikipokea kidaftari kwa vidole viwili.

"Hii nini, bibi? Kalkuleta?"

"Kalkuleta babako," alisema Bibi, kwa upole kabisa. "Wewe hujazaliwa, hiki kilikuwa kinaamkiwa."

"Shikamoo basi," Jesca akakiambia kidaftari, wote wawili wakacheka hadi mteja mwingine akageuka. Wakajaribu makava. La simu kubwa, kidaftari kikapwaya kama mtoto kwenye koti la baba. La simu ndogo, halikuvuka hata kiuno. Kuna lenye masikio ya sungura ambalo lilikaribia kukaa. Bibi alilitazama kwa muda mrefu, akasema marehemu hatamsamehe.

Tulipokuwa tunatoka, Bibi akiwa ameshatangulia kwenye bajaji, Jesca aliniita. "We kaka, vitu vya kale kama hivyo nenda Tandale, nyuma ya soko, kwa fundi Audax. Hatupi kitu yule, anaweka vyote."

Nilimshukuru. Na Jumanne nikampeleka Bibi Temeke.

Nilijiambia kwamba Mshauri Mkuu hufanya utafiti wa kina kabla ya kutoa mapendekezo. Tulizunguka maduka tisa. Kwenye kila duka Bibi alinitambulisha, "Huyu ndiye mshauri wangu, anasoma bweni," na kwenye kila duka walitucheka. Mchana tulikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, tukala kachori, akanisimulia jinsi Mzee Husseinali alivyojifunza kuandika kwenye kile kioo: kila herufi ina mkwaruzo wake, na mwezi mzima alikuwa akikwaruza hewani kwa kidole akiwa anakula, anaoga, anasali. Nami nikamsimulia ya bweni. Nikamwambia jinsi tulivyomvisha sare sanamu ya maonyesho ya kilimo tukaisimamisha paredi, na mwalimu wa zamu akaiandikia adhabu kwa kutojibu. Bibi alicheka akatoa leso akafuta macho. "Tena," alisema. "Hebu rudia hapo alipoiuliza jina." Nikarudia. Jioni mama aliponiuliza habari za kutwa, nilikuwa na ya kumwambia, lakini alishasinzia na kijiko mkononi.

Jumatano niliishiwa na maduka. Nikasema, "Tujaribu Tandale."

Ndani ya bajaji Bibi hakuwa na utani. Alikuwa amekiweka kidaftari mapajani, amekifunga kwa kitambaa cha mkononi.

"Rajabu nina watu sita," alisema. "Nimekaa jana usiku nahesabu, nakumbuka wanne. Mama mkwe, dada yangu Zainabu, kaka yake mzee, na yule mtoto. Wa tano namkumbuka jina, siku simkumbuki. Na huyo wa sita ni baba yako."

Dereva alipiga honi. Nilimwacha amalize.

"Baba yangu mie?"

"Fransis. Kwani una baba wangapi?"

"Lakini baba alikuwa Mkristo, Bibi."

"Nilimwambia mzee hivyohivyo. Akasema mtu aliyenichongea mlango mwaka mzima tukila sahani moja, nimwache nje kwa sababu hiyo? Akamwandika. Siku yake, na chakula chake. Kila mwaka nampikia, mama yako anapokea sahani, anasema ahsante, anageuka anakwenda kula peke yake chumbani. Wewe huwa uko shule. Mwezi wetu unarudi nyuma kila mwaka, si umeona, tangu uende bweni, mwaka huu ndiyo kwanza Rajabu yake itakukuta."

"Alipenda nini?"

"Ndiyo hiyo sasa. Kilikuwa cha kwenu kusini, cha mihogo mikavu, na kitu kingine, na kingine. Mzee aliandika chote, mpaka chumvi. Mie nasoma napika, sikiweki kichwani. Kipo humo." Akakipapasa kidaftari juu ya kitambaa. "Mama yako siwezi kumuuliza. Ukimtajia Fransis anaondoka."

Baba alifariki nina miaka sita. Ninachokumbuka ni vumbi la mpingo kwenye nywele za mikono yake. Nilitazama nje njia nzima, na sikuona hata mtaa mmoja tuliopita.

Fundi Audax alikuwa mzee mfupi kutoka Bukoba, miwani kwenye paji la uso, kakaa katikati ya maboksi ya viatu yaliyoandikwa kwa mkono: RADIO KUFA, RADIO KUUMWA, CHAJA YATIMA. Bibi alipokifungua kitambaa, fundi alisimama.

"Ala! Huyu bado yupo? Shikamoo, mama, nimeanza kumwamkia yeye, samahani."

"Marahaba. Tumezoea."

Alitoweka nyuma, vikaanguka vitu, akarudi na boksi. Ndani mlikuwa na kava la ngozi nyeusi lenye kifungo, kalamu tatu nyembamba ndani ya mfuko mmoja, na kitako cha kijivu, kizito, chenye waya mnene. Nilikuwa nimeshakitoa kabla hajaliweka boksi chini.

"Kava na kalamu, elfu kumi na tano," alisema Audax. "Kitako peke yake, kumi na tano. Sidhani kama kuna kingine mji huu."

Bibi alifungua mkoba. "Nina kumi na tano na nauli. Nipe kava na kalamu."

"Kitako, Bibi," nikasema.

"Angalia ngozi hii. Mzee angelipenda."

"Kava ni urembo. Mtaalamu yeyote atakwambia kitako ndiyo msingi. Bila kitako, hivyo vingine..." Nilianza kutoa hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu, nilikuwa nimeiandaa tangu Jumapili, na niliposikia sauti yangu inapanda nikashindwa kuishusha. "Tafadhali, Bibi. Kitako. Kava nitakushonea mwenyewe."

Audax aliteremsha miwani machoni akanitazama. "Kitako kazi yake ni kompyuta, kijana. Mama, kompyuta unayo? Ile ya zamani, yenye tundu pana la meno tisa?"

"Ya mzee? Aah, ile ilishakwenda na mkokoteni wa vyuma chakavu, mwaka uleule wa msiba. Ilikuwa imejaa mende."

Nilikishika kitako nikakirudisha kwenye boksi polepole.

"Basi kava na kalamu," alisema Bibi. "Vaa, mpenzi," akakiambia kidaftari, akakivisha, kikakaa sawasawa. Akafunga kifungo, akakifungua tena ili akifunge tena. "Si umeona, Petro? Mtu mzima sasa."

"Niweke betri mpya tukiangalie?" Audax akauliza.

"Hapana!" nikasema.

"Mshauri anasema kisiwashwe bila vifaa vyote," Bibi akaeleza.

Audax alicheka. "Vifaa? Hiki kinataka betri mbili, basi. Hivyo vingine ni nguo na viatu." Akafungua kifuniko, akatia betri, akampa.

Kidaftari kikawaka. Kikamkaribisha Bibi kama hawajawahi kuonana.

Alichagua kalamu moja kati ya tatu, akagusa pembe nne kilivyomwomba, taratibu, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Akafungua mahali pa majina. Akafunga. Akafungua tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nimebonyeza wapi?" alisema. "Petro, nimebonyeza wapi mie? Walikuwa hapa. Nimewafuta. Kwa kalamu hii mpya, nimewafuta."

"Hapana, mama," alisema Audax haraka. "Hujafuta kitu. Hivi vitu betri ikiisha, kumbukumbu inaondoka. Inatokea. Si kosa la mtu."

Nilipewa mlango pale, na ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa kwa masikitiko.

Bibi alikuwa bado anatazama kioo. "Betri haziishi," alisema. "Mzee alinifundisha. Kila mwezi ukiandama, namaliza kusoma, nabadilisha, ziwe nzima zisiwe nzima. Natoa, naweka, moja kwa moja, hata pumzi sivuti. Na mwezi huu nimebadilisha. Miaka yote hiyo hazijawahi kuisha mkononi mwangu."

Audax aligeuka akatafuta kitu kwenye boksi ambalo halikuwa na kitu. "Basi, mama," alisema akiwa ametupa mgongo, "kuna mtu alizitoa."

Bibi hakuuliza nani. Ndani ya nyumba yake anaingia yeye na mimi. Alikiweka kidaftari juu ya kaunta, akaweka kalamu pembeni yake, akaikunja mikono.

"Mshauri," alisema.

"Nilizitoa mie, Bibi."

"Lini?"

"Jumamosi. Uliponituma chujio."

"Za nini?"

"Za rimoti. Nilitaka kuzima televisheni ya Faraji wakati wa penalti."

"Ili iweje?"

"Ili watu wapige kelele."

"Wakapiga?"

"Wakapiga."

"Na wewe ukacheka."

"Nilicheka."

"Na nani?"

Nje mtu alikuwa anatangaza nyanya, debe zima, debe zima. "Hakukuwa na mtu," nilisema. "Nilijua wamepotea tangu Jumapili asubuhi. Nilidhani nikipata kitako nitawarudisha kutoka kwenye kompyuta, usijue. Sikujua kama baba yumo. Lakini hata asingekuwemo, wangekuwa arobaini. Nisamehe, Bibi."

Audax alikuwa amesimama na boksi lake tupu, hajui aliweke wapi.

"Na Temeke?" Bibi akauliza. "Maduka tisa, na miguu yangu hii. Kitako ulikuwa unakitafuta Temeke?"

"Hapana."

"Ulijua hakipo."

"Yule dada wa Kinondoni alishaniambia kipo hapa. Alinieleza mpaka njia. Nilijua tukija hapa mambo yataisha, ama kitapatikana ama utajua. Nilitaka tutoke tena, hata siku moja tu, kabla hujajua."

Bibi aliichukua kalamu, akaniwekea mkononi, akasema, "Anza na Fransis; chakula tutamuuliza mama yako, wote wawili."